Asali, Kimea na Chupa Zinazolipuka: Maswali ya Wasomaji

Toleo lililopita liligusa wapikaji wadogo wa Tabora wanaojaribu kuitoa wanzuki, yaani pombe ya asali, kwenye pipa la kilabuni na kuitia kwenye chupa yenye lebo. Maswali yaliyofuata ni mengi. Tumechagua yale yanayorudiwa na wengi.

Mwangaluka. Napika wanzuki kwa asali ya mizinga yetu ya magome. Kipimo changu hakibadiliki: lita mbili za asali, nazimua mpaka zijae ndoo ya lita 20. Lakini wiki hii kali, wiki ijayo kama maji ya sukari. Nakosea wapi? (Msomaji, Sikonge)

Kipimo chako ni kilekile, asali ndiyo inayobadilika. Asali iliyoiva, ile ambayo nyuki wameziba masega yake kwa nta, ina maji kama asilimia 17 hadi 20. Ukivuna na masega yasiyozibwa, maji yanaweza kupita asilimia 25, na ndani ya lita zako mbili umeshapoteza sukari nyingi. Vikiwamo pia vipande vya nta na chavua, lita inazidi kudanganya. Acha lita, pima kwa mizani. Asali nzuri ina uzito wa karibu kilo 1.4 kwa lita.

Kwa ndoo ya lita 20 tia kilo 2.8 za asali kisha jaza maji hadi alama. Hapo haidromita itasoma karibu 1.040, na ikiumuka mpaka mwisho utapata kinywaji cha nguvu ya asilimia 5 na nusu hivi, sawa na bia. Ukitaka kinachokaribia mvinyo, weka kilo 5. Itasoma karibu 1.072 na kuishia kwenye asilimia 9 na nusu au 10. Haidromita ni kibomba cha kioo kinachoelea na kuonyesha kinywaji ni kizito kiasi gani kulinganisha na maji matupu, ambayo ni 1.000, na nyingi zimetengenezwa kusoma kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Kwa hiyo poza sampuli kwanza, zungusha kibomba kidogo viputo viachie, kisha inama usome usawa wa jicho. Anayesoma kutoka juu hupata namba ya kubuni. Na wale wanaoloweka masega yaliyokwisha kukamuliwa ili wasitupe kitu, wanafanya vyema, ila maji yale hayana kipimo kingine zaidi ya haidromita.

Usichemshe asali. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, ndipo uiyeyushe. Harufu ya maua ya miti ya mtundu na muba, ambayo ndiyo unayouza, huondoka na mvuke.

Jambo la pili: asali ina sukari tele lakini haina chakula kingine cha kutosha hamira. Hamira ikishinda njaa, povu hukatika katikati, utamu hubaki, na ndoo hutoa harufu ya yai viza. Wazee walitia kimea, na walikuwa sahihi. Chemsha gramu 200 za unga wa kimea cha mtama katika lita moja ya maji kwa dakika 15, chuja kwa kitambaa, umimine yale maji kwenye ndoo. Wengine wamesikia kwamba hamira hulishwa DAP, chumvi yenye naitrojeni na fosfati, wakaenda duka la pembejeo. Jina ni moja, lakini ile ni mbolea ya shambani, haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Usiitie.

Hamira ya mkate inafanya kazi, ila huacha ladha ya andazi na haitulii vizuri chini. Pakiti ya gramu 5 ya hamira ya mvinyo inatosha ndoo nzima.

Niliweka kijiko cha asali kwenye kila chupa ili kinywaji kiwe na gesi. Siku ya nne usiku chupa tatu zimelipuka stoo, vioo vimefika dirishani. Chupa nilizotumia ni za pombe kali, nimezikusanya baa. (Msomaji, Urambo)

Kwanza, zilizobaki usizishike kwa mikono mitupu. Funika kreti kwa gunia lililoloweshwa maji, acha usiku upite zipoe, asubuhi zifungue moja moja huku umefunga kitambaa kizito mkononi na usoni una miwani.

Sasa makosa, maana ni zaidi ya moja. Chupa ya pombe kali haikutengenezwa kubeba gesi.  Tumia chupa za bia za mililita 500 na vizibo vipya vya bati, au chupa za plastiki za soda. Kosa la pili ni kujaza kabla kinywaji hakijamaliza. Povu kupotea si ushahidi. Ushahidi ni haidromita kusoma namba ileile siku tatu mfululizo, kwa wanzuki kavu, yaani isiyobaki na utamu, 1.000 au chini kidogo. La tatu ni kijiko. Mmoja huchota cha mlima, mwingine cha kufutika, na inayolipuka ni chupa iliyopata mlima.

Pima sukari ya ndoo nzima mara moja: gramu 6 kwa lita, yaani gramu 120 kwa lita 20. Ichemshe kwenye kikombe cha maji, ipoe, changanya taratibu kwenye ndoo safi, ndipo ujaze. Katika kila mzigo jaza chupa moja ya plastiki iwe shahidi. Ibonyeze kila asubuhi. Siku ya kwanza itabonyea kama mkate. Ikifika ngumu kama mpira wa miguu, kwa joto la Tabora mara nyingi siku ya tano hadi ya saba, hamishia zote mahali pa baridi.

Na osha chupa kwa brashi. Ule utando mwembamba chini ya chupa ya baa una vijidudu vinavyokula hata sukari iliyoishinda hamira, na gesi huendelea kuzaliwa wiki nyingi baadaye.

Juisi ya ndizi yangu ni nzuri siku ya kwanza, ya pili ni pombe safi, ya tatu wateja wanasema siki. Nifanyeje ikae wiki? Na mtama wa kukaanga nitie kiasi gani? (Msomaji, Kasulu)

Inuse kabla hujailaumu. Ikiwa uchachu wake unafanana na mtindi, ni bakteria wa kawaida wa pombe ya ndizi, na wanywaji wengi wa huko wanaupenda. Ikiwa inachoma pua, hiyo kweli ni siki, na siki haizaliwi bila hewa. Mtungi ulio nusu, unaofunuliwa kila mteja akija na kata yake, ni kiwanda cha siki. Gawa kwenye madumu madogo yaliyojaa hadi shingoni, fungua moja kwa wakati.

Kuikalisha wiki kunataka joto. Ikishamaliza kuumuka, ichuje, jaza chupa ukiacha vidole viwili, funga, zipange kwenye sufuria yenye kitambaa chini, mimina maji hadi shingoni. Pandisha moto polepole. Maji yakifika nyuzi 65, yashikilie hapo dakika 30, kisha acha chupa zipoe humohumo. Ukizitoa zikiwa moto na kuziweka kwenye sakafu ya saruji, utasikia mlio. Njia hii ni ya kinywaji kisicho na gesi tu.

Kuhusu mtama wa kukaanga, kilo moja kwa lita 12 za juisi iliyozimuliwa inatosha. Ukizidisha, inakuwa togwa yenye kulewesha.

Nataka bia nyepesi ya mtama, iliyochujwa, bila shayiri ya kuagiza. Kimea changu kinaota vizuri lakini uji haugeuki mtamu. (Msomaji, Tabora mjini)

Wanga wa mtama ni mkaidi. Unahitaji joto la nyuzi 70 na zaidi ndipo ulainike, na kwa joto hilo vimeng'enya vya kimea, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vinakufa. Ukimwaga kila kitu kwenye maji ya moto umeua mfanyakazi kabla hajaanza. Ukitumia maji ya uvuguvugu, wanga haufunguki.

Basi fanya mara mbili. Unga wa mtama usiooteshwa, theluthi mbili ya mzigo, upike uwe uji kamili kwa dakika 20. Uache upoe hadi nyuzi 65, ndipo utie theluthi iliyobaki, ambayo ni kimea. Funika sufuria kwa blanketi saa moja na nusu. Uji mzito utalegea machoni pako mpaka utiririke kwenye mwiko kama maji, na ukionja ni mtamu. Kama huna kipimajoto, kumbuka Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Sehemu mbili za maji yanayochemka na moja ya mtungini hukupa karibu nyuzi 72. Chukua kikombe chake kama kielelezo: uji wako unatakiwa uwe chini kidogo ya hapo.

Chagua mtama mweupe. Mwekundu mara nyingi una ukakasi unaozuia vimeng'enya. Loweka saa 24 ukibadilisha maji mara tatu, otesha siku tatu au nne, anika mpaka ukauke kabisa, kisha usugue miche na mizizi yote itoke. Miche ya mtama ina sumu ya asili, usiisage pamoja na punje. Kimea chenye ukungu wa kijani kitupe, hata kuku usiwape.

Machicha na wanzuki iliyoharibika, naweza kukeneka? (Msomaji, Ujiji)

Hapana. Ukikeneka, yaani ukichemsha na kukinga mvuke, ni gongo, na gongo ni kosa la jinai. Wanzuki iliyoharibika iache iwe siki kamili, ina soko lake. Machicha ya mtama mpe nguruwe.

Nataka kuuza wanzuki ya chupa mpaka Kigoma. Nianzie ofisi gani, na nisafirishe vipi? (Msomaji, Kaliua)

Anza SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani. Barua yao ya utambulisho ndiyo inayokurahisishia TBS, shirika la viwango, ambao watakagua jengo na kupima kinywaji. Jina la biashara ni BRELA, leseni ya vileo ni halmashauri yako, na ushuru wa bidhaa pamoja na stempu ni TRA. Usichape lebo elfu moja kabla TBS hawajaiona.

Kuhusu treni: reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo adui wa chupa ni behewa lililofungwa mchana kutwa juani. Kinywaji chenye hamira hai na utamu uliobaki kitaanza kuumuka upya njiani. Peleka kavu, iliyosoma 1.000 au chini, panga chupa zikiwa zimesimama, na bakiza chupa mbili za kila mzigo nyumbani zikiwa na tarehe. Mteja wa Kigoma akipiga simu kulalamika, fungua yako huku yeye akiwa hewani, uonje kile alichoonja.