Demokrasia ya kijamii si ya kunong'onezwa

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu la kukwepa. Nikiulizwa msimamo wangu nasema, "Aa, mimi si mtu wa siasa, napenda haki tu." Halafu naenda zangu kukipigia kura chama kilekile cha demokrasia ya kijamii, yaani siasa ya kutafuta usawa kwa kura na kodi, si kwa mapinduzi.

Siku moja, mapumziko kazini, mwenzetu akadai wanaotaka matajiri watozwe kodi zaidi ni wakomunisti waliojificha. Nikakodolea macho kikombe changu. Aliyemjibu ni kijana wa mafunzo, hata mkataba hana: "Mimi nataka hivyo, na sijajificha." Akaendelea kunywa chai. Mimi mzee mzima nilitamani ardhi inimeze.

Tangu hapo najitaja waziwazi, na nawe nakushauri hivyo. Ila kwanza ijue historia, maana tuhuma ya ukomunisti haijibiwi kwa kununa. Mimi husimulia ya Machi 23, 1933, bunge la Ujerumani lilipopiga kura kumpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Wabunge wakomunisti walikuwa wamekwisha kukamatwa au kuzuiwa. Otto Wels wa SPD, chama cha demokrasia ya kijamii cha huko, alisimama akapinga, wanamgambo wa Kinazi wakiwa wamejaa ukumbini. Kura za hapana zilikuwa 94, zote za chama chake. Ukishaisimulia hiyo, anayekuita mpenda udikteta inabidi atafute neno jingine.

Pia acha maneno makubwa. "Usawa" kila mtu anaukubali, kisha anapiga miayo. Sema matibabu: Uingereza, Julai 5, 1948, chini ya serikali ya Attlee, waziri mkuu wa chama cha Labour, mgonjwa alianza kutibiwa bila kudaiwa hela mlangoni, gharama ikabebwa na kodi. Hapo watu huanza kuuliza maswali, na maswali ndiyo unayoyataka.

Na usijitie upofu. Uswidi tunayoisifu kila kukicha ilipitisha mwaka 1934 sheria iliyofungua njia ya kuwafunga watu uzazi bila ridhaa yao, utaratibu uliodumu hadi miaka ya 1970, na karibu muda wote huo wenzetu wa demokrasia ya kijamii ndio waliotawala. Mimi huitaja mwenyewe kabla sijatajiwa. Inauma, lakini aliyekuja kunishika uongo hukosa pa kushika.

Yule mwenzetu siku hizi hunisalimu, "Habari za asubuhi, mjamaa." Namwitikia kwa sauti, korido nzima isikie.