Maswali ya Wasomaji: Maswali yangu yote ni "taja"

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nafundisha sayansi, mkaguzi kaniambia maswali yangu yote ni "taja" na "orodhesha", eti nipange somo kwa ngazi za Bloom. Sasa dakika 40 ntapandaje ngazi zote sita jamani?

JIBU: Mwalimu, nani kakwambia lazima uzipande zote? Hizo ni ngazi za kufikiri kwa mwanafunzi, toka rahisi hadi ngumu; mwanasaikolojia wa elimu Mmarekani Benjamin Bloom na wenzake walizitoa 1956, zikarekebishwa 2001, na sasa ziko hivi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni. Kwa kipindi kimoja mbili tatu zinatosha kabisa.

Wewe anzia mwisho, jiulize mtoto akitoka darasani aweze kufanya nini. Tuseme somo ni uvukizi, yaani maji kugeuka mvuke. "Uvukizi ni nini" hiyo kukumbuka tu, hata kasuku anaiweza, lakini waulize kwa nini nguo hukauka haraka siku ya upepo hata kama jua hakuna, hapo wanatumia walichojifunza, halafu wape vikundi wapange jaribio lao la kuona kipi kinaharakisha zaidi, upepo au joto, basi wameshafika kubuni wala hawana habari. Ila kukumbuka usikudharau, asiyejua kitu atachambua nini sasa?

Na kitenzi peke yake kinadanganya. Ukiandika "tathmini" wakati jibu uliwaandikia ubaoni jana, hao wanakumbuka tu. Mtihani nao ufuate somo, usifundishe kuchambua halafu ukatunga "taja" tupu.