Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya L85, Kutoka A1 Hadi A3

SWALI: Mhariri, inasemwa kwamba L85 ya jeshi la Uingereza ilikuwa ikikwama ovyo mpaka Wajerumani walipoitengeneza upya. Nikitazama picha, A1 na A2 ni kama pacha. Walibadilisha nini?

JIBU: Walibadilisha vya ndani. L85A1 iliingia jeshini 1985, na vumbi la vita vya Ghuba vya 1991 likaiumbua. Mwaka 2000 Heckler & Koch, kampuni ya silaha ya Kijerumani iliyokuwa wakati huo ikimilikiwa na kampuni ya BAE ya Uingereza, ilipewa kazi ya kurekebisha bunduki zipatazo 200,000 kwa pauni milioni 92, nazo zikawa A2.

Mfumo wenyewe haukuwa mbovu. Gesi ya risasi husukuma pistoni fupi, nayo hurudisha nyuma kibeba bolti (bolti ni chuma kinachofunga chemba, mahali risasi inapokaa ikifyatuliwa), kama ilivyo kwenye bunduki ya AR-18 ya Marekani. Tatizo lilikuwa vipuri. Pini ya kufyatulia ilivunjika, ikaimarishwa. Kivuta ganda, ule ukucha unaong'ata ukingo wa ganda, kilibadilishwa pamoja na springi yake ili ganda tupu lisibaki chemba. Nyundo mpya huchelewa kidogo sana kupiga bunduki inapomimina risasi mfululizo, kwa hiyo bolti hupata nafasi ya kutulia kwanza. Magazini nayo ikabadilishwa. Usiidharau, kwani magazini iliyobonyea huikwamisha hata bunduki mpya.

Badiliko pekee linaloonekana upesi ni mkono wa kukokia, yaani mpini wa kuvutia bolti nyuma. Ganda lililotoka liliweza kuugonga mkono wa zamani, likarudi kwenye dirisha la kutolea maganda na kubanwa na bolti. Wa sasa una umbo la alama ya mkato, nao hulisukuma ganda mbali. Ukitaka kutambua A2 pichani, tazama hapo.

Majaribio yalifanyika Kuwait, Brunei na Alaska: mchanga, unyevu wa msitu, baridi kali. Hata hivyo, 2002 malalamiko yalisikika tena kutoka Afghanistan, na safari hii wizara ya ulinzi ilinyooshea kidole usafishaji na upakaji mafuta. Kirekebisha gesi kina nafasi tatu: ya kawaida, ya kupitisha gesi zaidi bunduki ikichafuka, na ya kufunga gesi kwa ajili ya kurusha gruneti kutoka mtutuni. Ile ya pili ni ya dharura. Ukiiacha hapo bunduki ikiwa safi, vipuri vinapigwa kwa nguvu visiyohitaji.

SWALI: Je, anayetumia mkono wa kushoto anaweza kuilenga kutoka bega la kushoto?

JIBU: Hapana. Magazini na bolti viko nyuma ya triga, ndani ya kitako. Ndiyo maana mtutu wa milimita 518 umeingia katika bunduki ya milimita 785 tu, ilhali bunduki ya Marekani ya M16A2, yenye mtutu wa milimita 508, inafika karibu mita moja. Gharama yake ni kwamba dirisha la maganda liko upande wa kulia, usawa wa shavu, na mkono wa kukokia huenda na kurudi hapo hapo kila risasi inapotoka. Kulenga kutoka bega la kushoto maana yake ni kuhatarisha meno. Askari wote hufundishwa bega la kulia, na hakuna toleo lililoondoa kasoro hii. Ni ya umbo lenyewe.

SWALI: A3 ni rangi tu?

JIBU: Rangi ya udongo ndiyo inayovutia macho, lakini kazi ni reli, yaani ukanda wa chuma wa kufungia vifaa. A3, iliyoanza kutumika 2018, ina reli moja ndefu juu, na kinga ya mkono wa mbele imefungwa imara zaidi mwilini. Darubini na taa ya leza zikifungwa juu yake hazihami shabaha kirahisi. Uzito umepungua takriban gramu 100, ambazo kusema kweli humezwa na darubini pamoja na magazini ya risasi 30.