Jiko la mkaa chumbani, Makete
Dada yangu, umeuliza kama watoto wanaweza kulala na jiko la mkaa chumbani mtakapokuwa likizo Makete mwezi wa Julai, maadamu mkaa umeshakolea na hautoi moshi. Hapana. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaohadaa zaidi, kwa kuwa gesi ya sumu inayotoka humo, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, nayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu hata aliyelala asiamke. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi, na baridi ya huko (naijua) itawafanya mlifunge. Ombeni mablanketi ya ziada, na jiko libaki nje hata likionekana limezimika, kwani majivu huficha makaa. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kichefuchefu au akilegea, mtoeni nje mara moja, kisha mpelekeni hospitali akapewe oksijeni.