Longonot kwa raba zilizoisha

SWALI: Shangazi, mwanangu wa miaka 11 anataka tupande Mlima Longonot, ule wa volkano karibu na Naivasha, Jumamosi. Mimi hushinda nimeketi dukani. Nitaweza? – Mama Kevo, Umoja

JIBU: Mama Kevo, ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la juu, utafika, mradi usishindane na Kevo. Kutoka langoni ni kama kilomita 3, na karibu na juu njia ni vumbi la volkano tupu: unakanyaga, mguu unazama, unateleza nyuma. Mimi nilienda na raba zilizoisha soli. Nilishuka kwa makalio, suruali ikawa kama ya msaga unga! Kuzunguka ukingo, kupitia kilele cha mita 2,776, ni kilomita 7 na ushee. Hiyo iacheni kwanza. Pandeni matatu ya Naivasha inayopitia Mai Mahiu, alfajiri, na maji ya kutosha.