Jibu: Nimebadilisha opsheni ya RISC-V kwenye GCC, maelezo yake yanakaa wapi?

Mkuu, kama nimekuelewa, umegusa -mstrict-align, opsheni ya kompaila ya GCC kwa prosesa za RISC-V, kodi haina tatizo, ila mkaguzi kairudisha pachi (faili la mabadiliko yako) kwa sababu mwongozo wa GCC haujaguswa. Mimi pia nimewahi kuandika maelezo ya opsheni za aina hii, kwa hiyo nakupa ninavyofanya.

Kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni mstari mfupi ndani ya gcc/config/riscv/riscv.opt, ndio anaouona mtu akiandika --help=target. Ya pili ni gcc/doc/invoke.texi, na humo opsheni hutajwa kwenye orodha ya jumla kule juu, kisha kwenye kifungu cha RISC-V Options. Ukiona RejectNegative kwenye .opt, usiandike umbo la -mno-, maana halipo.

Hizo @item na @opindex, yaani alama za kupanga maandishi ndani ya invoke.texi, hazisumbui. Kinachosumbua ni sentensi yenyewe. Usinakili ya prosesa nyingine eti kwa sababu jina ni lilelile. Angalia -mcpu: kwenye ARM inachagua seti ya maagizo pamoja na namna ya kuboresha kodi, lakini kwenye x86 ni jina la kizamani tu la -mtune, ambayo huchagua prosesa ya kuboreshea kodi bila kubadili seti ya maagizo. Mtu wa ARM akihamia x86 anadhani amewasha maagizo mapya, kumbe hola.

Sasa hiyo -mstrict-align yako. Inaizuia kompaila kusoma, tuseme, namba ya baiti 4 kwa mkupuo mmoja kutoka anwani isiyogawanyika kwa 4. Msomaji atataka kujua: nisipoiandika, inakuwaje? Hapo usithubutu kuandika "kwa kawaida imezimwa", kwa sababu inategemea prosesa iliyotajwa kwenye -mtune. Jaribu mwenyewe: tengeneza struct yenye sifa ya packed (isiyoacha nafasi kati ya sehemu zake), weka char halafu int, andika fanksheni ya kusoma hiyo int, kisha kompaili kwa -O2 -S (-S hukupa asembli, yaani maagizo ya prosesa kwa maandishi). Ukiweka -mtune=rocket utaona lbu nne, kila moja ikisoma baiti moja, zikifuatwa na kuunganisha baiti. Ukiweka -mtune=thead-c906 unapata lw moja inayosoma baiti zote 4, basi. Hiyo tofauti ndiyo inayotakiwa kwenye mwongozo, kwa sentensi moja isiyozunguka. Mimi siamini maelezo ya opsheni ambayo mwandishi wake hakufungua asembli, hata awe mkongwe vipi.

Ukimaliza endesha make html usome ukurasa wenyewe. Kama umeongeza au kuondoa jina la opsheni, endesha pia make regenerate-opt-urls. Tangu GCC 14 kuna mafaili ya .opt.urls yanayounganisha jina la opsheni kwenye ujumbe wa kompaila na mahali pake kwenye mwongozo, na watu huyasahau sana. Kwenye ChangeLog, yaani kumbukumbu ya mabadiliko, andika hivi:

* doc/invoke.texi (RISC-V Options): Update -mstrict-align.

Pachi ya kodi na ya maelezo zitume pamoja, mkuu, usiahidi kwamba maelezo yatafuata.