Blaki metali iliyomwacha shetani ikamfuata askari wa kawaida

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: ni albamu gani ya miaka ya karibuni, ya kundi ambalo wengi wetu hatujawahi kulisikia, ungependa wasomaji wenzako waisikilize, na kwa nini? Jibu langu ni Die Urkatastrophe ya Kanonenfieber, kundi kutoka mji wa Bamberg, Ujerumani. Ilitoka Septemba 2024. Ni albamu ya blaki metali, tawi kali la muziki wa metali, na najua kuna watakaoishia hapo hapo kusoma. Nawaomba wavumilie kidogo.

Sifa mbaya ya muziki huu ina asili yake. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, mjini Bergen, lilichomwa moto, na makanisa mengine ya Norway yakafuata. Agosti 1993 Euronymous, mpiga gitaa wa kundi la Mayhem, aliuawa kwa kisu mjini Oslo. Aliyemuua alikuwa mwanamuziki mwenzake, akahukumiwa kifungo cha miaka 21. Mambo hayo yalitokea, siyafichi wala siyatetei. Ila wengi waliosikia habari hizo waliufunga mjadala siku hiyo hiyo, na sasa imepita zaidi ya miaka 30. Bendi nyingi za andagraundi za Ulaya, yaani zilizo nje ya soko kubwa, ninazozipenda leo hazina habari na shetani. Zinaimba wakulima walioasi mabwana wao, askari wasio na cheo, mwanamke anayekuwa mama, mji ulio vitani. Kelele ni ile ile: uzi wa gitaa unaodonolewa haraka haraka bila kupumzika, dramu zinazokimbia, koo linalokwaruza. Kilichobadilika ni nani anayepewa sauti hiyo.

Kanonenfieber ilianza kama kazi ya mtu mmoja anayejiita Noise. Jina lake halisi halitumii kwenye muziki, na jukwaani yeye na wenzake huficha nyuso na kuvaa sare za enzi za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Albamu yake ya kwanza, Menschenmühle, aliitoa mwaka 2021 kupitia lebo yake mwenyewe, Noisebringer Records. Mashairi yake yanatokana na barua, taarifa na nyaraka za watu waliopigana vita vile. Hilo ndilo lililonikamata. Nyimbo za vita katika metali zimejaa kila kona, na nyingi zinanukia baruti ya sinema: bendera, farasi, jemadari aliyenyoosha upanga. Humu jemadari haonekani. Kuna kijana aliyetoka nyumbani akiimba, kisha kuna matope, panya, hofu, na rafiki aliyekuwa anaongea sasa hivi na sasa haongei tena. Wimbo wa mwisho wa albamu ile unaitwa “Verscharrt und Ungerühmt”, yaani waliofukiwa bila kusifiwa.

Die Urkatastrophe inaendelea pale pale, ila kwa mkono uliokomaa zaidi. Chukua “Der Maulwurf”, yaani fuko, yule mnyama wa chini ya ardhi. Wimbo unahusu askari wachimbaji, wale waliopewa kazi ya kuchimba njia chini ya mahandaki ya adui ili watege baruti. Vita hiyo ya chini kwa chini ilikuwa kubwa kuliko wengi tunavyodhani. Tarehe 7 Juni 1917, huko Messines nchini Ubelgiji, Waingereza walilipua mitego 19 ya baruti chini ya ngome za Wajerumani alfajiri moja. Noise hasimulii mlipuko kwa mbali kama mwandishi wa habari. Anakaa na mtu aliye gizani na sururu yake, anayesikiliza ukutani kama upande wa pili nao wanachimba. Wimbo hauendi mbio mwanzo mwisho. Gitaa linatembea kwa uzito, na kiitikio kinakaa kichwani mpaka unajikuta unakivumisha ukiosha vyombo. Jambo jingine adimu katika muziki huu ni kwamba maneno yanasikika. Anaimba Kijerumani kwa sauti ya kukwaruza, lakini silabi zimetamkwa wazi, kwa hiyo ukiwa na mashairi mkononi unaweza kumfuata mstari kwa mstari hata kama Kijerumani hukijui.

Kuna nyimbo za Lviv, mji ambao leo uko Ukraine, na za Verdun huko Ufaransa, pale ambapo mwaka 1916 walikufa watu wapatao 300,000 wa pande zote mbili kuanzia Februari hadi Desemba. Mimi naona sehemu ya katikati ya albamu imerefuka kidogo, na ningeweza kuishi bila wimbo wa marubani. Lakini siruki wimbo, kwa sababu mpangilio wake unakupeleka kutoka ndoto za utawala mkubwa mpaka uchovu mtupu.

Kwa nini mimi, mkazi wa Dar es Salaam, niguswe na vita vya Wazungu? Kwa sababu havikuwa vya Wazungu peke yao. Ile sanamu ya askari pale Posta, aliyeinua bunduki singe ikielekea bandarini, iliwekwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita hivyo hivyo. Nairobi wanayo yao, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kariakoo yetu na Kariakor yao ni majina yaliyoachwa na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Watu hao walibeba risasi, mahindi na wagonjwa kuvuka nchi nzima, wakafa zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko walivyokufa kwa risasi. Von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani huku kwetu, aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Katika albamu hizi mbili sijasikia wimbo uliofika kwenye mapigano ya hapa kwetu, Tanga wala Mahiwa, na hilo ni pengo ninalolihisi kila ninapozisikiliza. Bado njia aliyoichukua Noise naiheshimu sana: anaanzia kwa mtu wa chini kabisa na anabaki naye. Pwani yetu ina tenzi zilizotungwa kuhusu vita na Wajerumani, kwa hiyo kusimulia vita kwa beti si jambo geni kwetu. Mpagazi wa Kariakoo anastahili albamu nzima, na ingefaa itoke huku.

Wapo watakaonipinga kwamba Kanonenfieber si andagraundi tena. Ni kweli, albamu hii ya pili ilitolewa na Century Media, lebo kubwa, na kundi linajaza kumbi. Lakini msomaji wa kawaida wa gazeti hili hajawahi kulisikia, na swali lenu ndivyo lilivyouliza. Kwa anayetaka kushuka chini zaidi, ninaye Mgiriki mmoja.

Anajiita Ayloss, na mashabiki wanamjua zaidi kwa kazi yake ya Spectral Lore. Chini ya jina la Mystras, ambalo ni mji wa ngome wa Wabizanti karibu na Sparta, alitoa mwaka 2020 albamu inayoitwa Castles Conquered and Reclaimed, kupitia lebo ndogo ya Italia, I, Voidhanger. Blaki metali ya Ulaya imependa ngome na wafalme tangu zamani. Ayloss ameichukua Ulaya ile ile ya karne za kati akaigeuza: ngome imo, lakini anaimba upande wa wanaoivamia. Kuna wimbo wa kuuawa kwa Wat Tyler, kiongozi wa wakulima wa Uingereza walioasi mwaka 1381 na kuuliwa mbele ya mfalme kijana pale Smithfield, London. Kuna wimbo wa Wazeloti wa Thesalonike, waliowafukuza matajiri na kuutawala mji wao kuanzia 1342 hadi 1350. Katikati ya nyimbo hizo ndefu zenye kelele ameweka vipande vya muziki wa kale, vilivyopigwa kwa ala za kizamani bila gitaa la umeme, na unapata nafasi ya kupumua. Sauti ya albamu ni chafu kwa makusudi. Mara ya kwanza unaweza kudhani spika zako zimeharibika. Vumilia dakika tano, na chini ya ukungu ule utaanza kusikia muziki mtamu unaopanda ngazi kwa ngazi.

Wengine niwapitie haraka. Havukruunu wa Finland walitoa Tavastland mwaka 2025, kuhusu watu wa Häme walioliasi Kanisa katika karne ya 13. Hii ni ya anayependa gitaa la kishujaa na kwaya za wanaume. Dawn Ray'd wa Liverpool, watu watatu na fidla moja, walikuwa wanaharakati wasioficha msimamo wao dhidi ya matajiri na mafashisti. To Know the Light ya 2023 ndiyo albamu yao ya mwisho, kwa sababu kundi lilivunjika mwaka huo huo. White Ward wa Odesa, Ukraine, walitoa False Light Juni 2022, miezi michache tu baada ya nchi yao kuvamiwa kijeshi, na humo saksafoni inalia katikati ya dhoruba kwa namna ambayo hata mpenzi wa jazi atageuza shingo.

Lipo jambo moja ambalo msikilizaji Mwafrika hawezi kulikwepa. Ndani ya muziki huu kuna mkondo wa wabaguzi wa rangi, watu wanaotukuza Unazi waziwazi au kwa mafumbo. Sitataja majina yao kwa sababu sitaki kuwatangaza. Ninachofanya kabla ya kumnunulia mtu albamu ni kuangalia lebo inayomtoa, bendi nyingine anazopiga, watu anaowashukuru kwenye jalada, na nembo anazovaa. Kazi hii inachosha, na baadhi ya marafiki huniuliza kwa nini nisiuache muziki wenyewe. Siuachi kwa sababu si mali ya wabaguzi hao. Mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi, Duma, walitoa albamu ya kelele kali kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na wasikilizaji wa Ulaya wakawatafuta wao. Uswisi yupo Manuel Gagneux wa Zeal & Ardor, ambaye mama yake ni Mmarekani mweusi, aliyechanganya blaki metali na nyimbo za watumwa. Watu kama Ayloss na Dawn Ray'd wamepambana na mkondo huo wakiwa ndani, na kuwanunulia kazi zao ni kuwaunga mkono.

Kuhusu kununua: nyingi ya albamu hizi ziko Bandcamp, ambako unaweza kusikiliza kabla ya kulipa, na tovuti huchukua asilimia 15 tu ya bei ya nakala ya kidijitali. Kaseti na santuri hutolewa chache na huisha mapema. Msianze na Paysage d'Hiver, hata mkisikia anasifiwa. Ni Mswisi mmoja anayeimba baridi na milima tu, na albamu yake Die Berge ya 2024 inapita saa moja na nusu, gitaa likivuma kama tufani ya theluji. Mimi naipenda mno, lakini inahitaji masikio yaliyokwisha kuzoea. Anzeni na “Der Maulwurf”, kwa sauti ya kutosha na mashairi mbele yenu, kisha mrudi nyuma kwenye Menschenmühle.

Nimeiacha mwisho Perchta, kundi la Tyrol, Austria, kwa sababu nina ombi juu yake. Mwanamke anayeliongoza anaimba kwa lahaja ya milimani kwao, na albamu ya 2024, D'Muata, inahusu kuwa mama. Ananong'ona, anapiga kelele, anasema kama anayesoma dua, na nyuma yake inasikika zita, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa, ambayo ni jamaa ya kanuni yetu ya taarab. Metali na zita havigombani humo hata kidogo, kila kimoja kinamwachia mwenzake nafasi. Kama kuna mpigaji kanuni wa Unguja au Mombasa anayesoma gazeti hili, ningependa sana aisikilize albamu hiyo na aandike hapa anavyoisikia ile zita: wamezifunga nyuzi vipi, wanadonoa wapi, na kama yeye angeweza kuingia katikati ya dramu zile na kanuni yake.

Msomaji, Dar es Salaam